Kupima gesi za ishara ndani ya seli hai kwa probu zinazong'aa: mwongozo kamili

Kuna gesi tatu ambazo seli za mwili huzitengeneza zenyewe na kuzitumia kupashana habari: oksidi ya nitriki (NO), kaboni monoksidi (CO) na salfidi ya hidrojeni (H2S). Zote zilianza kujulikana kama sumu, na zikizidi bado ni sumu. NO ndiyo iliyobadili mawazo ya watu. Mwaka 1998 Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuonyesha kwamba gesi hii hupeleka ishara katika moyo na mishipa ya damu.

Kuzipima ndani ya seli iliyo hai ni kazi kaidi. Hazina rangi, hupenya utando wa seli bila kubisha hodi, na NO hudumu sekunde chache tu kabla haijamezwa na kitu kingine. Ndiyo maana wanakemia walibuni probu za fluoresensi: molekuli ndogo inayokaa gizani ndani ya seli hadi ikutane na gesi, ndipo muundo wake hubadilika na kuanza kung'aa chini ya hadubini.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kukuza seli na kushika pipeti, lakini hajawahi kutumia probu hizi. Nitakaa sana kwenye NO, kwani ukiielewa hiyo, nyingine mbili utazifuata kwa tofauti chache.

Kabla ya kununua chochote: jua unachokipima

Probu maarufu ya NO ni ya ukoo wa DAF (diaminofluoresini), uliotokea kwenye maabara ya Tetsuo Nagano mjini Tokyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Wengi husema "DAF inanasa NO". Hainasi. NO hukutana kwanza na oksijeni, mwishowe hutokea trioksidi ya dinitrojeni (N2O3), na hiyo ndiyo inayoishambulia probu na kufunga pete ya triazoli, pete yenye nitrojeni tatu. Pete ikishafungwa, probu inang'aa, na haifunguki tena.

Hapo kuna mambo mawili ya kubeba hadi mwisho wa jaribio. La kwanza: chochote kinachozalisha N2O3, au kinachoiunguza probu kwa oksidi, kitaongeza mng'ao hata kama seli haijatengeneza NO zaidi. La pili: mng'ao hujilimbikiza. Fikiria ndoo iliyowekwa chini ya paa linalovuja. Ukirudi baada ya saa moja utajua maji yaliyodondoka tangu uiweke, lakini ndoo haikuambii kama sasa hivi mvua inanyesha au imekatika. Kwa hiyo usilinganishe kiwango cha mng'ao cha dakika moja tu; linganisha kasi ya kupanda kwake. Mstari ukiwa umelala juu, maana yake si kwamba NO iko nyingi sasa. Ni kwamba imekoma kutoka, au probu imekwisha.

Kwa anayeanza ningechagua DAF-FM badala ya DAF-2. Mng'ao wa DAF-2 huanza kushuka pH inapoteremka chini ya 7, na seli zilizosisimuliwa hubadilisha pH mara kwa mara. DAF-FM huvumilia hadi karibu pH 5.5. Katika myeyusho safi inaweza kuonyesha NO ya takriban nanomola 3, lakini usitegemee makali hayo ndani ya seli iliyojaa protini na glutathioni, molekuli yenye salfa inayoilinda seli dhidi ya oksidi.

Probu hii huuzwa kwa sura mbili, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. DAF-FM DA ina asetati mbili zinazoiwezesha kupenya utando. Ikishaingia, vimeng'enya vya esterasi huzikata na probu hunaswa ndani. DAF-FM tupu haipenyi. Kwa seli nunua yenye DA, kwa majaribio ya neli bila seli nunua isiyo na DA. Ukiweka yenye DA kwenye neli isiyo na esterasi, hata uimiminie NO kiasi gani, utatazama giza.

Kutayarisha akiba

Kichupa cha miligramu 1 cha DAF-FM DA (uzito wa molekuli 496.4) kikiyeyushwa kwa mikrolita 403 za kiyeyushi cha DMSO kilicho kikavu kinatoa akiba ya milimola 5. Igawe mara moja katika mikrolita 5 hadi 10 kwa kila kineli, ifunge kwa karatasi ya aluminiamu, weka kwenye friza ya nyuzi −20. Kila kineli ni cha siku moja. Ukikirudisha kwenye friza, unyevu huingia kwenye DMSO na asetati huanza kukatika kabla ya wakati wake. Siku hiyo seli zako zitaonekana hazikupokea probu, nawe utazilaumu seli.

Izimue mara 1,000 upate mikromola 5, huku DMSO ikibaki asilimia 0.1. Usizidishe probu ukidhani utaona zaidi. Ukizidisha, kinachopanda kwanza ni mng'ao wa nyuma.

Bafa na seli

Vitu vitatu kwenye kioevu cha kawaida cha kukuzia seli vitakuharibia kazi. Fenoli nyekundu inang'aa yenyewe. Seramu ina esterasi zinazoikata probu ikiwa bado nje ya seli. Vitamini C ni mkorofi kuliko vyote: askobati hupunguza mng'ao, na ikioksidishwa kuwa asidi ya dihidroaskobiki hufungamana na DAF na kutoa kitu kinachong'aa karibu sawa na kile cha NO. Osha seli mara mbili, kisha tumia bafa ya chumvi yenye glukosi, HEPES ya pH 7.4, kalisi na magnesi. Usisahau kalisi, kwa sababu NO-sinthasi ya mishipa ya damu na ile ya neva huwashwa nayo. Ongeza pia L-arginini, kama mikromola 100, kwa sababu ndiyo malighafi ya kimeng'enya.

Kwa mara ya kwanza usianze na seli za mishipa ya damu. Hutoa NO kidogo mno. Anza na makrofaji za RAW 264.7 zilizosisimuliwa kwa LPS (kijenzi cha utando wa bakteria) na interferoni gama kwa saa 16 hadi 24. Hizo hutengeneza NO-sinthasi ya kuchochewa (iNOS), isiyongoja kalisi kupanda, na NO yake ni nyingi kiasi kwamba kioevu kilekile unaweza kukipima kwa kipimo cha Griess: changanya, soma kwenye nanomita 540, nitriti, ambayo ndiyo NO hugeuka kuwa, itajionyesha kwa rangi ya waridi. Ukiona waridi kwenye Griess na giza kwenye hadubini, kosa liko kwenye probu au upakiaji, si kwenye seli. Hiyo ni siku nzima ya kubahatisha uliyojiokolea.

Kupakia probu

Mwaga kioevu, osha, weka bafa yenye probu, funika sahani kwa aluminiamu, rudisha kwenye nyuzi 37 kwa dakika 30. Osha mara mbili. Kisha subiri dakika 20 nyingine bila probu. Hatua hii ya kusubiri watu huiruka, na wakiiruka mng'ao hupanda wenyewe kwa dakika kumi za kwanza kwa sababu asetati bado zinakatwa. Wanauita "NO ya msingi".

Sasa tazama. Seli iliyopakiwa vizuri ina kijani hafifu kilichosambaa sawasawa, kiini nacho kikiwa na rangi. Ukiona vidoti vikali kama mchanga uliomwagwa juu ya seli, probu imeganda nje. Akiba yako haikuyeyuka vizuri au umeizimua kwenye bafa baridi. Vidoti laini ndani ya seli, vikizunguka kiini, ni probu iliyojifungia kwenye vifuko vyenye asidi, na mara nyingi dawa yake ni kupunguza kiasi cha probu na muda wa kupakia. Zile duara zinazoelea ziking'aa kuliko wenzake wote ni seli zinazokufa. Ziache nje ya hesabu, hata kama picha zake ni nzuri.

Kwenye hadubini

Leza ya nanomita 488, kusanya mwanga wa kati ya 505 na 550. Kilele cha probu kiko karibu na 515. Weka nguvu ya leza chini kabisa kadiri kamera inavyokuruhusu. Zima mpangilio wa kamera wa kujirekebisha wenyewe, uzime kweli, kwa maana ukiuacha, kila picha itapigwa kwa vipimo vyake na utakuwa hulinganishi chochote. Piga picha moja kila sekunde 30 au 60.

Kwa nini ubahili huo wa mwanga? Kwa sababu mwanga wa bluu wenyewe huweza kuwasha DAF. Kuna jaribio rahisi la kujua kama limekupata: chukua seli zilizopakiwa ambazo hazikupewa kichocheo chochote, piga eneo moja kwa ratiba yako ya kawaida kwa nusu saa, kisha sogeza meza ya hadubini hadi eneo jirani ambalo halijaguswa na mwanga na upige picha moja. Kama eneo la kwanza linang'aa zaidi kuliko jirani yake, hiyo tofauti umeitengeneza wewe.

Kitoa NO, na kosa langu

Ili kujua kama mfumo mzima unafanya kazi, unahitaji kuzipa seli NO unayoijua. Hapo hutumika NONOeti, viunga vinavyovunjika vyenyewe na kuachia NO. Tofauti zao ni kasi: kwenye pH 7.4 na nyuzi 37, nusu ya DEA NONOeti huisha kwa dakika 2, ya spamini NONOeti kwa dakika 39, na ya DETA NONOeti kwa saa 20. Zinatunzwa kwenye sodiamu haidroksaidi ya milimola 10, juu ya barafu, kwa sababu kwenye alkali hazivunjiki. Zikigusa bafa ya pH 7.4, saa imeanza kuhesabu.

Sikulielewa hilo nilipoanza. Niliyeyusha DEA NONOeti kwenye bafa ya fosfati kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi, nikaenda chumba cha hadubini, nikasubiri zamu, nikapanga lenzi. Ilipita saa moja na dakika chache. Kwenye joto la chumba nusu ya DEA huisha kwa takriban dakika 16, kwa hiyo dakika 64 ni nusu mara nne: iliyobaki ilikuwa sehemu moja ya kumi na sita. Seli hazikung'aa. Nikaandika kwenye daftari kwamba probu imeharibika, nikaitupa kineli baada ya kineli. Probu haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo: yeyusha NONOeti siku ileile kwenye alkali baridi, na uongeze kwenye kisima ujazo mdogo usiozidi sehemu moja kwa mia, ili HEPES imudu kushikilia pH. Anza na spamini NONOeti. Kasi yake inakupa muda wa kupumua. Andaa pia kitoa kilichokwisha nguvu: iache NONOeti kwenye bafa hadi iishe kabisa, kisha uimwage hiyo kwenye kisima kingine. Hicho kikipandisha mng'ao, kinachofanya kazi ni mabaki, si NO.

Ulinganisho usioweza kuachwa

Hapa ndipo jaribio linaposimama au kuanguka, na kama una sahani moja tu ya visima, ni afadhali upunguze dozi za dawa yako kuliko kupunguza haya.

Seli zisizo na probu kabisa, zilizopewa kila kitu kingine. Hizi zinakuambia seli zenyewe, na dawa unayoijaribu, zinang'aa kiasi gani. Dawa nyingi zitokanazo na mimea hung'aa kijani, na nimeona mtu akishangilia NO ambayo ilikuwa rangi ya dawa yake.

Seli zenye probu bila kichocheo, kwa muda uleule, chini ya mwanga uleule.

Seli zenye kizuizi cha kimeng'enya. L-NAME hutumika sana, lakini ni esta inayobidi ikatwe kwanza ndani ya seli, kwa hiyo itangulize kwa dakika 30 hadi 60. Inashindana na arginini. Ukiwa umemwaga arginini nyingi, kizuizi kitaonekana dhaifu. Weka pia D-NAME, pacha wake asiyefanya kazi. Kwa makrofaji, kizuizi kiitwacho 1400W ni bora, kwani kinailenga iNOS.

Wengi hupenda kutumia cPTIO, kinachomeza NO, kwa sababu ni haraka. Mimi sikipendi kwa DAF. cPTIO huigeuza NO kuwa NO2, na NO2 ikikutana na NO iliyosalia hutoa N2O3, kitu kilekile DAF inachokitafuta. Kuna hali ambapo ukiongeza mmezaji, mng'ao unapanda. Ukiviona visima vyako vikifanya hivyo usichanganyikiwe. Ni kemia, si wewe.

Mwisho, kama dawa yako huleta msongo wa oksidi, jihadhari zaidi. Peroksidi ya hidrojeni pamoja na peroksidasi huiunguza DAF na kuifanya ipokee NO kwa urahisi zaidi, kwa hiyo NO ileile inatoa mng'ao mkubwa. Katika hali hiyo hadubini peke yake haitoshi: toa yaliyomo kwenye seli, yatenganishe kwa kromatografia, uonyeshe kwamba kinachong'aa ni triazoli yenyewe na si binamu zake.

Hesabu

Hii ni fupi. Chora mipaka ya seli kwenye programu ya ImageJ, toa mng'ao wa sehemu isiyo na seli, gawanya kila picha kwa wastani wa picha tano za kabla ya kichocheo, kisha chukua mwinamo wa mstari kwenye dakika zake zilizonyooka. Seli mia moja za sahani moja ni jaribio moja, si mia. Rudia kwa siku tatu tofauti au zaidi, na takwimu zako zihesabu siku.

Usijaribu kubadilisha mng'ao wa DAF kuwa nanomola za NO ndani ya seli. Ukihitaji kuona NO ikipanda na kushuka papo hapo, tafuta geNOps, probu za protini zilizotangazwa mwaka 2016, ambazo seli huzitengeneza zenyewe ukizipa jeni. Hizo huachia NO na kurudi zilivyokuwa, ila mng'ao wake hushuka NO inapoongezeka, na zinahitaji chuma cha kutosha ndani ya seli.

H2S: adui ni glutathioni

Ndani ya seli, glutathioni iko kati ya milimola 1 na 10, na H2S ni chache kuliko hiyo kwa mbali. Probu yoyote ya H2S inatafuta sindano ndani ya rundo la sindano zinazofanana nayo.

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni azidi, kikundi cha nitrojeni tatu kwenye probu: H2S huigeuza kuwa amini na probu inawaka. SF1 na SF2 za maabara ya Christopher Chang, mwaka 2011, zilianza hivyo, na SF7-AM ikafuata ikiwa na vikundi vya esta vinavyoinasa ndani ya seli. Glutathioni nayo huigusa azidi, ila polepole. Kwa hiyo muda wa kusubiri ni sehemu ya kipimo na lazima ulingane kila siku. Azidi pia huvunjwa na mwanga wa bluu, basi lile jaribio la eneo jirani lirudie hapa kwa ukali zaidi. Njia ya pili ni ukoo wa WSP wa Ming Xian, ambapo H2S hushambulia mara mbili na kuiachia rangi. Glutathioni hushambulia mara moja tu na kushindwa kuiwasha, lakini inakuwa imeila probu. Ndiyo maana WSP huhitaji kiasi kikubwa zaidi.

Kitoa H2S cha kawaida ni NaHS au Na2S. Kiyeyushe muda huohuo, kwenye bafa iliyoondolewa oksijeni, na utazame rangi: kiwe wazi kama maji. Kikiwa na umanjano, kuna polisalfidi ndani yake, na hizo zina kemia yake. Kwenye kisima kilicho wazi H2S hutoroka hewani kwa dakika chache, na jirani asiyepewa kitu hupokea iliyotoroka, kwa hiyo usiweke ulinganisho wako kwenye kisima cha pembeni. Vimeng'enya viwili vinavyotengeneza H2S ndani ya seli ni CSE na CBS. Kizuizi cha CSE ni propajiliglisini. AOAA huzuia CBS, ila hugusa vimeng'enya vingine vingi.

Usitie asidi kwenye chupa ya salfidi kamwe, na fanya kila kitu ndani ya kabati la kufyonza hewa. Harufu ya mayai viza ni onyo zuri mwanzoni tu. Kiwango kikipanda, pua hufa ganzi na harufu hutoweka wakati hatari ndiyo inakuja. CO haina harufu hata hiyo ya mwanzo. Bila king'ora cha CO chumbani, usifungue mtungi.

CO: shaka iko kwenye kitoa

Seli hupata CO kwa kuvunja hemu (ile sehemu yenye chuma ya hemoglobini) kwa kimeng'enya cha hemu oksijenasi. Probu inayojulikana zaidi ni COP-1 ya mwaka 2012, ambayo ina paladiamu. CO hujipenyeza kwenye paladiamu hiyo na rangi huachiliwa. Kwa kuwa ni metali nzito, tumia mikromola 1 hadi 5 na pima uhai wa seli sambamba.

Tatizo kubwa si probu. Ni kwamba watu wengi hutumia CORM-2 au CORM-3, viunga vya ruthenamu, kama kitoa CO. Viunga hivi vina kemia yake: vinaweza kupunguza kikundi cha naitro kwenye probu na kuiwasha bila CO kuhusika, na katika bafa tupu CORM-3 hutoa CO kidogo kuliko inavyodhaniwa. Probu zilizosifiwa kwa miaka kadhaa zilikuja kuonekana kwamba ziliitikia ruthenamu. Kwa hiyo tayarisha bafa iliyojazwa gesi ya CO yenyewe. Kwenye joto la chumba hushika karibu milimola 1. Izimue kwenye kisima bila kuacha nafasi ya hewa juu yake. Kisima cha CORM kiwe cha nyongeza, pamoja na iCORM iliyokwisha nguvu. Probu ikiwaka kwa CORM na kukaa kimya kwa gesi, kwenye ripoti iandike kama probu ya CORM.